Akikukosea, Unamshtaki kwa Nani? Historia Fupi ya Urafiki wa Kitandani

Leo tunaongea historia, lakini si ile ya kukariri majina ya magavana. Hii ni historia ya kitu ambacho wengi wa wasee niliosoma nao chuoni walikifanya na hakuna hata mmoja aliyekiita kwa jina: kulala na rafiki yako bila kuwa wapenzi. Mnasoma pamoja, mnapika indomie pamoja, usiku mwingine mnalala pamoja, na asubuhi kila mtu anaenda darasani kama hakuna kilichotokea. Mimi nitauita urafiki wa kitandani, tuelewane.

Nianze na kosa langu, ndio usidhani naongea nikiwa juu ya mimbari.

Nilikuwa mwaka wa tatu. Nilikuwa na beshte yangu, msichana tuliyekutana naye wiki ya kwanza kabisa ya chuo tukitafuta chumba cha kusajiliwa. Tulikuwa marafiki wa kweli kabla ya hayo mengine. Baadaye tukaingia kwa makubaliano: hakuna kuulizana maswali, hakuna wivu, ikiisha imeisha. Jioni moja akanitumia ujumbe kwamba siku zake zimepita na anaogopa. Nikausoma. Tiki zikageuka bluu. Nikawaonyesha maboyz wangu wawili tuliokuwa tumeketi nao. Walicheka. Mmoja akasema, "Hepa, buda." Mwingine akasema nijifanye sijaona.

Nilijifanya sijaona siku nne. Yeye alienda duka la dawa peke yake, akanunua kipimo peke yake, akasubiri majibu peke yake kwenye choo cha hosteli. Haikuwa mimba. Siku ya tano nikamuuliza kama yuko poa. Akajibu neno moja: "Niko." Urafiki wetu uliishia hapo. Na mpaka leo nikikumbuka ile miaka, kitanda si kitu. Ninachokikosa ni yule rafiki.

Sasa historia inaingiaje? Ilianzia kwa shosho.

Shosho ni mama wa babangu, anaishi Murang'a. Mimi ndiye niliyepewa jina la guka, kwa hivyo huwa ananiita mume wake mbele ya watu bila aibu. Krismasi moja tulikuwa tunachambua maharagwe akaniuliza mbona sijaleta msichana nyumbani. Nikamwambia kwa mzaha kwamba sai vijana hawaoani haraka, wanakuwa tu marafiki, hata wanalala pamoja, na maisha yanaendelea. Nilidhani atanirushia kikapu. Alicheka.

"Mume wangu, hiyo mnadhani mmeianzisha nyinyi? Mama yangu alinisimulia mambo ya thingira. Lakini niambie, mmoja akimkosea mwenzake, anashtakiwa kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi Nairobi na hilo swali, nikaanza kusoma.

Thingira ilikuwa na sheria

Kabla ya kuwa rais, Jomo Kenyatta alikuwa mwanafunzi London, chini ya mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski. Mwaka wa 1938 alitoa kitabu kuhusu Wakikuyu, Facing Mount Kenya, na ndani yake akaandika bila kuficha kuhusu desturi iliyoitwa ngwiko. Vijana waliokwisha kupita tohara walikutana thingira, nyumba ya wanaume. Wasichana hawakuingia kwa kunyemelea dirishani. Walikuja kwa kikundi, wakiwa wamebeba chakula, na wazazi walijua walipo. Vijana waliweza kulala wawili wawili na kukumbatiana, lakini tendo lenyewe lilikatazwa, na vazi la ngozi la msichana halikufunguliwa. Haikuwa lazima uliyelala naye leo ndiye umuoe kesho. Kwa maelezo ya Kenyatta, yale yalikuwa mafunzo ya kujitawala.

Kilichonigonga ni kile kilichofuata ukivunja sheria. Kulikuwa na riika, wale mliotahiriwa pamoja. Kijana aliyemlazimisha au kumhadaa msichana alifikishwa mbele ya wenzake. Angeweza kutengwa, asikubaliwe tena kwenye mikusanyiko, na wasichana wamkatae. Ikiwa kulikuwa na mimba, watu wake walitoa mbuzi. Kwa hivyo swali la shosho lilikuwa na jibu zamani hizo: unamshtaki kwa wenzake, na wenzake wanamuaibisha.

Si Murang'a na Nyeri peke yake. Kwa Wajaluo wasichana walilala siwindhe, nyumba ya mwanamke mzee, na huyo mzee aliwafundisha mambo ya ndoa, ya mwili na ya ukoo. Kijana naye alijenga simba yake. Pwani, msichana alikuwa na somo, mwanamke aliyemfunza yale ambayo mama mzazi aliona haya kuyasema. Desturi zilitofautiana sana, lakini mahali pote hapo kijana hakuachiwa hayo mambo abahatishe peke yake. Kulikuwa na mtu mzima au kikundi cha rika kilichohusika.

Na kabla uanze kusema turudi thingira, ngoja kwanza. Kenyatta aliandika akitetea watu wake mbele ya Waingereza, kwa hivyo aliionyesha desturi kwa upande wake mzuri. Halafu tiketi ya msichana ya kuingia kwa hicho kikundi ilikuwa kukeketwa, jambo ambalo sheria yetu ya 2011 inaliita uhalifu, na ni sawa kabisa. Hata aibu haikugawanywa nusu kwa nusu. Msichana aliyeshika mimba alibeba jina baya muda mrefu kuliko mbuzi walizotoa watu wa kijana. Nachosema ni kimoja tu: kulikuwa na mahali pa kushtaki.

Kiboko kilibaki, baraza likaondoka

Wamisheni walipokuja waliipiga marufuku ngwiko kwa waumini wao. Kwao ilikuwa dhambi tu, hakuna cha kujitawala. Mzozo mkubwa wa 1929 kati ya makanisa na Wakikuyu ulihusu ukeketaji, lakini mabishano hayakuwa ya kisu peke yake. Yalikuwa pia ya nani ana haki ya kulea vijana na kuwafundisha kuhusu miili yao. Wakati huohuo wanaume vijana walikuwa wanaenda kufanya kazi mijini na kwenye mashamba ya walowezi, na watoto wengine wanaenda shule za bweni. Riika haikupata nafasi ya kuketi tena.

Kilichochukua nafasi yake? Neno moja: usifanye. Na ukifanya, msichana anafukuzwa shule, mvulana anafanya mtihani wake kama kawaida. Sheria ilikuwa kali kuliko ya thingira, lakini sasa ilimtazama mmoja tu.

Chuo kikuu nacho kilianza kama mahali pa wanaume. Makerere, ambako Wakenya wa kwanza wengi walienda kusoma kabla Nairobi haijawa na chuo, ilianza 1922 na kauli mbiu yake ilimaanisha "tuwe wanaume". Wanawake sita wa kwanza walipoingia mwaka wa 1945, ilibidi kauli mbiu ibadilishwe. Bweni lao, Mary Stuart, mpaka leo wanafunzi wanaliita Box, yaani sanduku. Ukitaka kujua watu wazima wa wakati huo walifikiria nini kuhusu mapenzi chuoni, hilo jina linatosha: wafungie wasichana ndani, tatizo limeisha.

Miaka kumi ambayo msichana aliweza kushtaki

Sasa hapa ndipo niliposhtuka, kwa sababu hakuna mwalimu wa historia aliyewahi kuniambia.

Mwaka wa 1959, Kenya ikiwa bado koloni, ilipitishwa sheria iliyoitwa Affiliation Act. Kwa lugha rahisi: mwanamke ambaye hajaolewa akipata mtoto, anaweza kwenda kortini, athibitishe baba ni nani, na korti imwamuru huyo mwanaume alipe pesa za matunzo kila mwezi. Haikuuliza kama mlikuwa wapenzi, wachumba au marafiki tu waliokutana mara moja kwenye dansi. Mtoto yuko, baba yuko, lipa.

Fikiria hiyo ilimaanisha nini. Baraza la riika lilikuwa limekufa, lakini sasa hakimu alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Wanawake waliitumia. Na baada ya uhuru wanaume walianza kulia. Bungeni walisema sheria hiyo inawafanya wasichana kuwa wazembe, eti wanazaa ili wapate mshahara, eti mmoja anachangisha kwa wanaume kadhaa. Wengine wakasema ni mambo ya Wazungu, si ya Kiafrika. Inachekesha, kwa sababu kumlipisha kijana aliyempa msichana mimba ni kitu ambacho hata thingira ilikifanya. Maendeleo ya Wanawake walipinga kufutwa kwake. Haikusaidia. Mwaka wa 1969 Bunge likaifuta.

Bunge hilo halikuwa na mwanamke hata mmoja. Grace Onyango, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge Kenya, aliingia kwa uchaguzi wa Desemba mwaka huohuo, sheria ikiwa imeshazikwa.

Kwa hivyo Chuo Kikuu cha Nairobi kilipopata hadhi kamili mwaka wa 1970, na wasichana wakawa wanaongezeka madarasani, komredi wa kiume alikuwa anaingia kwenye dunia ambapo akimpa rafiki yake mimba, ile sheria ya kumwamuru alipe matunzo kila mwezi imeshafutwa. Haya si maneno ya wazee kunung'unika. Wabunge waliketi, wakajadili, wakapiga kura.

Vidonge, Ukimwi na eksaili

Mambo mengine yalibadilika pia. Mwaka wa 1967 Kenya ilianzisha mpango wa kitaifa wa uzazi wa mpango, ukiwa wa kwanza katika Afrika kusini mwa Sahara. Ni hatua kubwa, sitanii. Lakini ilikuwa na matokeo mengine polepole: kuzuia mimba kukawa kazi ya msichana. Kidonge anameza yeye, sindano anadungwa yeye, kusahau ni kosa lake.

Kisha mwaka wa 1984 mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi akatambuliwa Kenya. Serikali ilichelewa sana. Ilifika Novemba 1999 ndipo Rais Moi akautangaza kuwa janga la kitaifa. Kwa miaka ile kulala na rafiki bila kufikiri kungeweza kukuua. Wengine wetu tuliozaliwa baadaye tulikuta dawa zipo, watu wanaishi vizuri nazo, na woga umepungua. Kwa wasee wangu wa chuo, mimba ilitisha kuliko virusi. Ndio maana P2 ilikuwa inajulikana kuliko kipimo cha HIV. Na P2 haizuii ugonjwa wowote, tuwekane sawa.

Halafu kuna makazi, kitu ambacho watu husahau. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa zaidi ya mwaka. Foleni ya waliongoja kuingia vyuoni ikawa ndefu, mpaka 1987 wakachukuliwa mara mbili kwa mpigo. Vitanda havikuongezeka hivyo. Mwaka wa 1991 ukaja mpango wa kugawana gharama. Ile boom ya bure ikaisha, chakula ukawa unalipia unachokula. HELB ikaundwa 1995, na 1998 Nairobi ikafungulia milango wanafunzi wa kujilipia. Hosteli zikashindwa kabisa. Wanafunzi wakahamia bedsita za nje, bila msimamizi wala saa ya kufunga geti.

Ukitaka ushahidi, ni ile lugha ya hosteli. Kila komredi anajua kwenda eksaili: mnayeishi naye analeta mgeni, wewe unabeba blanketi unaenda kulala kwa jirani. Nimeenda eksaili mara nyingi. Ni kama thingira iliyogeuzwa nje ndani. Wenzako wa rika bado wanajua nani analala na nani, na bado wanawapisha nafasi. Kilichobadilika ni kwamba kazi yao inaishia kwa kubeba blanketi. Hawaulizi kama yule msichana amekuja kwa hiari yake, wala hawaulizi kilichotokea asubuhi.

Jina lilipowasili

Nyaya za intaneti za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka wa 2009. Mwaka wa 2011 Hollywood ikatoa sinema mbili zinazofanana kama mapacha kuhusu marafiki wanaolala pamoja bila ahadi, moja ya Ashton Kutcher na Natalie Portman, nyingine ya Justin Timberlake na Mila Kunis. Zote mbili zinaisha vilevile: wanapendana, mwisho. Zikasambaa hosteli kwa hosteli kwenye flashi za kompyuta.

Ndio maana wazazi wetu wanadhani hii tabia imetoka Marekani. Mimi naona tulicholetewa ni jina, pamoja na uongo mmoja mtamu: kwamba watu wawili wanaweza kulala pamoja na hakuna anayemdai mwenzake chochote. Huo uongo thingira haikuuamini hata usiku mmoja.

Huku nyumbani hatukutaka hata kuongea. Machi 2013 tangazo la televisheni lililowashauri walio na mpango wa kando watumie kondomu liliondolewa baada ya viongozi wa dini kulalamika. Mpango wa kando wenyewe haukuondolewa.

Sheria imerudi, lakini nusu

Tuwe wakweli, kuna kitu kimerekebishwa. Sheria ya Watoto ya 2001 ilisema kama wazazi hawajaoana, mama ndiye mwenye jukumu kwanza. Ni 1969 hiyo, imevaa suti mpya. Halafu ikaja Katiba ya 2010, Kifungu cha 53: mtoto ana haki ya kutunzwa na mama na baba kwa usawa, wawe wameoana au la. Kutoka 1969 hadi 2010 ni miaka 41. Sheria mpya ya Watoto ya 2022 ikafuata mkondo huohuo. Kwa hivyo msee anayekuambia "hatukuwa na mahusiano" akidhani inamwokoa, mwambie Katiba haikuuliza.

Kuna nyingine mbili za kujua. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 haina kifungu cha marafiki. Kukubali Ijumaa si kukubali Jumamosi. Na sheria ya uhalifu wa kompyuta ya 2018 inamwadhibu anayesambaza picha za siri za mtu, hata kama alitumiwa kwa mapenzi.

Lakini angalia vizuri hizo sheria. Zinamjua mtoto akizaliwa. Zinajua ukilazimishwa, au picha zako zikianikwa. Hakuna inayojua siku nne. Hakuna hakimu wa msichana aliyesubiri kipimo chooni huku rafiki yake akiwa ameona ujumbe. Na wengi wanaoumia kwenye huu urafiki, wasichana na wavulana, huumia hapo, kwenye kile kisichofika kortini.

Swali la shosho basi lina jibu gani leo?

Nimefikiria sana, na jibu linanirudisha kwa wale maboyz wawili. Siku ile riika yangu iliitwa. Ilikuwa imeketi pale pale, watu wawili na simu moja, na kesi ikasomwa. Uamuzi ulitoka kwa sekunde kumi: hepa. Siwalaumu wao. Mimi ndiye niliyewaonyesha nikitumaini watasema hivyo. Lakini kama mmoja wao angesema, "Manze, inuka uende," ningeenda. Najijua.

Sitakuambia uache au uendelee, mimi si pasta. Kama umeamua, angalau msiongope kwamba hakuna deni. Ongeeni kabla: mkapime pamoja, kondomu ni ya nyinyi wawili, pesa za duka la dawa ni nusu kwa nusu. Mkikosea, P2 na dawa za kuzuia HIV zote zina muda wa saa 72, na mapema ndio bora, kwa hivyo simu inajibiwa usiku huohuo. Na mmoja akianza kupenda, aseme, na mwingine asimcheke.

Mwaka jana nilimwandikia kuomba msamaha. Sikujitetea. Alichukua siku mbili kujibu, na nilistahili hizo siku mbili. Aliandika: "Sawa. Asante kwa kusema." Tumeishia hapo, na sitarajii zaidi.

Shosho nimemwambia yote. Alinyamaza kidogo, akaendelea na maharagwe yake, kisha akaniuliza kama wale maboyz bado ni marafiki zangu. Nikasema ndio. Akasema basi niwaambie na wao.

Ndio nawaambia. Siku rafiki yako akikuonyesha ujumbe kama ule, usicheke. Mwambie ajibu, na akikosa nauli ya kwenda, mpe.